Damu ya Vita Inaoshwa na Nani?

Mnamo mwaka 636 hivi, katika uwanda wa Qadisiyya, Iraki ya leo, jeshi la Waislamu lilikuwa likipambana na Waajemi huku mmoja wa wapiganaji wake hodari akiwa kifungoni, miguu imetiwa minyororo. Aliitwa Abu Mihjan, wa kabila la Thaqif, na kosa lake lilikuwa pombe. Alikwisha kuchapwa kwa ajili hiyo, akarudia, akachapwa tena, na safari hii kamanda mkuu, Sa'd bin Abi Waqqas, akaamuru afungwe. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba Abu Mihjan aliposikia vishindo vya farasi alimsihi mke wa Sa'd amfungulie, akaapa kuwa akinusurika atarudi mwenyewe kutia miguu yake minyororoni. Mama yule akamfungulia, na Abu Mihjan akatoka juu ya farasi wa Sa'd mwenyewe. Sa'd alikuwa mgonjwa, hawezi kupanda mnyama, akiangalia mapigano kutoka juu ya jengo. Akamwona mpanda farasi anavyowavuruga adui, akastaajabu: farasi anamjua, lakini anayempanda ni nani? Jioni Abu Mihjan akarudi na kujifunga kama alivyoahidi. Sa'd alipopata habari akamwachia huru, akasema hatamchapa tena kwa sababu ya pombe. Abu Mihjan akajibu kwamba zamani alikuwa akinywa akijua kipigo kitamtakasa. Sasa kwa kuwa kipigo kimeondolewa, pombe hataigusa tena.

Jibu hilo lina uzito kuliko ushujaa wake wote wa siku ile. Abu Mihjan hakukosa adhabu. Alipewa, akailipa, na kila alipoilipa akajiona hana deni, basi akarudi kwenye kikombe. Kilichomgeuza ni kwamba aliyemfunga alimwona akiwa vitani na akatambua amemfunga mtu wa namna gani. Mashehe na wachungaji wanaoletewa askari mlevi, mara nyingi na mkewe au mama yake, wangefaa kukaa na kisa hiki kabla ya kumsomea aya ya pombe. Aya hiyo askari mwenyewe anaijua tangu utotoni.

Hata katazo lenyewe halikuja kwa mkupuo. Katika Kurani lilishuka hatua kwa hatua: kwanza watu wakaelezwa kuwa madhara ya ulevi yanazidi manufaa yake, kisha wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa, mwisho ikaja amri ya kuiacha kabisa, katika sura ya Al-Maida. Kabla ya amri hiyo ya mwisho vilipiganwa vita vya Uhud, mwaka 625. Hadithi iliyo katika Bukhari inasema kuna masahaba waliokunywa asubuhi ya siku ile na wakauawa mashahidi kabla jua halijatua. Pombe ilipoharamishwa, waliobaki hai waliingiwa na hofu juu ya ndugu zao waliozikwa na pombe tumboni. Jibu likashuka ndani ya sura ileile na kuwaondolea lawama. Waliouliza hawakuwa wakitafuta mwanya wa kunywa. Walikuwa watu wanaowalilia wenzao, wanataka kujua kama Mungu anawahukumu waliokufa vitani kwa kile kilichokuwa tumboni mwao au kwa kile walichokitoa.

Dola zilizokuja baadaye ziliamua jambo hili bila kumuuliza Mungu. Zilimgawia askari pombe kama zinavyomgawia buti.

Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilianza kuwapa mabaharia wake ramu baada ya kuiteka Jamaika mwaka 1655. Mwaka 1740 Admerali Edward Vernon, akiona ulevi unavyowaharibu watu wake, aliamuru ramu ichanganywe na maji, lakini hakuthubutu kuiondoa. Mgawo ulipunguzwa mara mbili katika karne ya 19, hadi ukafika kiasi cha mililita 70 kwa siku, za ramu yenye kileo cha zaidi ya asilimia 54. Uliendelea hivyo mpaka Julai 31, 1970. Siku hiyo mabaharia walivaa vitambaa vyeusi mikononi kama watu waliofiwa, na penginepo wakaizika ramu kwa mazishi ya kuigiza. Sababu iliyotolewa ya kuifuta ni kwamba meli za kisasa zina mitambo isiyotaka mkono unaotetemeka. Hali ya roho ya baharia haikuwa hoja.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, ramu ya Waingereza ilifika kwenye mahandaki ndani ya magudulia ya udongo, ikamiminwa vijiko vichache kwa kila mtu alfajiri, au kabla ya kutoka kushambulia. Ofisa alisimama pale kuhakikisha kila askari anameza mbele yake, asije akaiweka akiba. Wafaransa walikuwa na mgawo wa mvinyo uliozidi kuongezwa kadiri vita vilivyorefuka. Agosti 22, 1941, Wajerumani wakiwa wanasonga mbele ndani ya Urusi, Kamati ya Ulinzi ya Sovieti iliagiza kila mpiganaji wa mstari wa mbele apewe gramu 100 za vodka kwa siku. Daktari mmoja wa kikosi cha Uskoti aliiambia kamati ya serikali ya Uingereza mwaka 1922, ilipokuwa ikichunguza mshtuko wa mizinga, kwamba bila ramu haamini kama wangeshinda vita.

Maneno ya daktari huyo yanapaswa kuchukuliwa kwa uzito. Yana maana kwamba serikali ilijua. Ilijua kwamba mtu mwenye akili timamu na tumbo tupu hatoki handakini kwenda kumchoma mwenzake singe, au akitoka mara moja, ya pili atasita. Pombe ilitumika kufumba kile kilichokuwa kinamwambia asiende. Baadaye vita vikaisha, ramu ikakoma, na sauti ile ikarudi kudai zamu yake ya kusikilizwa. Askari akairudia dawa aliyofundishwa na serikali yake, safari hii kwa pesa yake, na jamii ikamwita mlevi.

Wanajeshi wa leo hawanyweshwi tena mbele ya ofisa, lakini mazoea hayajaenda mbali. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta asilimia 67 ya wanaume jeshini wanakunywa kwa kiwango cha hatari, ilhali kwa wanaume wa kawaida nchini humo ilikuwa 38. Mwaka 2010 watafiti wa King's College London walitoa matokeo ya karibu askari 10,000 wa zama za vita vya Iraki na Afghanistan. Wengi walitarajia kusikia habari za msongo mkali unaofuata tukio la kutisha, ule wa kuota mizinga na kushtuka mlango ukigongwa. Ulionekana kwa asilimia 4. Matumizi mabaya ya pombe yalikuwa asilimia 13. Kwa maneno mengine, mwenye kutafuta majeraha ya vita vile kati ya askari wa Uingereza angeyakuta baa kabla ya kuyakuta hospitali.

Inafaa kuelezwa pia kwa nini pombe inamdanganya mtu wa aina hii kwa urahisi. Usingizi wake umevurugika. Glasi tatu zinamlaza haraka, naye anaamini amepata tiba. Lakini pombe inapoanza kuisha mwilini, nusu ya pili ya usiku huvunjika vipandevipande, ndoto zilizokuwa zimezuiwa zinaingia kwa kishindo, na saa tisa usiku yuko macho, moyo unamdunda. Kesho yake anahitaji glasi nne. Na akishazoea kwa miaka, kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege hata kumuua. Jambo hili walijue wote wanaomfungia ndugu yao chumbani kwa maombi na mfungo bila kumpitisha kwa daktari.

Hata hivyo tabibu hamalizi swali. Mwaka 1994 Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewahudumia maveterani wa Vietnam mjini Boston, alitoa kitabu ambamo aliwalinganisha wagonjwa wake na Akile, shujaa wa vita katika utenzi wa Homeri. Alichokisikia vinywani mwao hakikuwa woga peke yake. Walizungumza kuhusu haki iliyovunjwa na mtu mwenye mamlaka, pale maisha yalipokuwa rehani: kamanda aliyeagiza moto mahali ambapo, kulipokucha, walikuta miili ya wavuvi na watoto, kisha wakaambiwa wamefanya kazi nzuri. Hilo aliliita jeraha la dhamiri. Waliomfuata, hasa Brett Litz na wenzake mwaka 2009, wakaongeza upande mwingine: askari anaweza pia kujeruhiwa na kile alichokifanya kwa mkono wake, au alichokiona akanyamaza.

Mtu wa namna hiyo anapoambiwa "ulikuwa unatii amri, usijilaumu", anasikia mlango ukifungwa.

Mwanafalsafa wa Uingereza Bernard Williams, katika maandishi yake ya mwaka 1976, alitoa mfano wa dereva wa lori ambaye, bila uzembe wowote, anamgonga mtoto na kumuua. Kila mtu atamfariji kwamba si kosa lake, na ni kweli. Lakini tuseme dereva yule akubali faraja hiyo dakika ileile, apande lori, aendelee na safari akipiga mluzi. Tungemwogopa. Tunataka ajutie, ijapokuwa hatumlaumu, kwa sababu mkono wake umepita pale ambapo mikono yetu haikupita. Mtakatifu Agostino alisema jambo la karibu na hilo karne kumi na tano kabla: hata vita vya haki ni msiba, na anayevifikiria bila uchungu ni wa kusikitikiwa zaidi, maana amepoteza utu. Kama ndivyo, askari anayekosa usingizi kwa ajili ya waliokufa ana kitu kizima ndani yake ambacho pombe inajaribu kukiua. Mshauri anayemwambia hana sababu ya kujisikia vibaya, kwa nia njema kabisa, anakuwa anaisaidia chupa.

Watu wa kale walilielewa hili vizuri kuliko sisi. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 31, Musa anawaamuru wapiganaji wanaorudi, ambao vita vyao viliamriwa na Mungu mwenyewe, wakae nje ya kambi siku saba; aliyeua mtu au kugusa maiti ajitakase siku ya tatu na ya saba. Karne ya nne, Basili Mkuu aliandika kwamba wanaoua vitani si wauaji, ila pengine ni vema wakae miaka mitatu bila kushiriki Komunyo, kwa kuwa mikono yao haikuwa safi. Kurani nayo, sura ya nne, inamtaka aliyemuua muumini kwa bahati mbaya atoe fidia na kafara, na asiyekuwa na uwezo wa kumwacha huru mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Hakukusudia, na bado amewekewa cha kufanya.

Mfano unaostaajabisha zaidi ni wa vita vya Hastings. Mwaka 1066 Wanormani waliivamia Uingereza wakiwa na baraka za Papa, na wakashinda. Miaka michache baadaye maaskofu wao, kwa uthibitisho wa Ermenfrid, mjumbe wa Papa na askofu wa Sion, wakaweka kitubio kwa ajili ya jeshi lao wenyewe, jeshi lililoshinda. Aliyejua ameua mtu katika vita vile vikuu afanye toba mwaka mmoja kwa kila aliyemuua. Aliyejeruhi bila kujua kama aliyejeruhiwa alikufa, siku 40 kwa kila mmoja. Asiyekumbuka idadi, atubu siku moja ya kila wiki maisha yake yote, au ajenge kanisa. Wapiga mishale, ambao hawakuweza kujua mishale yao iliangukia nani, wakapewa muda wa Kwaresima tatu. Hata aliyetaka kupiga mtu asimpate aliwekewa siku zake.

Waraka huo ni mkali, na matajiri bila shaka waliutumia kujinunulia raha ya moyo kwa mawe ya kanisa. Lakini ulimfikiria kila askari na mahali aliposimama. Mpiga mishale wa karne ya 11 aliyekosa usingizi kwa kutojua ameua wangapi alikuwa na jibu kutoka kwa askofu wake. Mwanajeshi wa mizinga wa leo, anayerusha kombora umbali wa kilomita 20 na kubaki na swali lilelile, anapewa medali na tarehe ya kustaafu.

Huku kwetu, Waacholi wa kaskazini mwa Uganda hawakulisahau. Baada ya vita vya waasi wa LRA, maelfu ya vijana waliotekwa wakalazimishwa kuua walipokelewa nyumbani kwa kukanyaga yai mbichi lililowekwa kwenye njia, kabla hawajaingia kuishi na watu. Pale ambapo ukoo umemuua mtu wa ukoo mwingine, kuna mato oput: baada ya mazungumzo marefu, kukiri na fidia, wawakilishi wa pande mbili huinama juu ya kibuyu kimoja na kunywa mchanganyiko mchungu wa mizizi ya mti wa oput. Wapo Waacholi wenyewe wanaosema desturi hii haikuundwa kwa ajili ya mauaji ya umati, na hoja yao ina nguvu. Lakini angalia jinsi kinywaji kinavyotumika pale. Mara nyingi ndani ya kibuyu kile mna pombe ya kienyeji. Inanywewa mchana, mbele ya watu, na aliyetendewa akiwa amesimama uso kwa uso na aliyetenda. Askari mpweke anayekunywa gongo nyuma ya nyumba ameshika nusu tu ya tendo hilo. Ana uchungu na ana kikombe, lakini hana wa kunywa naye upande wa pili.

Kuhusu watu waliopata njia ya kutoka, historia inamtaja askari mwingine. Mwaka 1917 luteni kijana wa Marekani, Bill Wilson, mwenye haya nyingi, alikunywa pombe kwa mara ya kwanza katika mji wa New Bedford, Massachusetts, kwenye mikusanyiko ambayo wenyeji waliwaandalia maofisa waliokuwa wakijiandaa kwenda vitani. Mwaka uliofuata, akiwa Uingereza njiani kuelekea Ufaransa, alisimama kwenye uwanja wa kanisa kuu la Winchester mbele ya kaburi la askari aliyekufa mwaka 1764 kwa homa iliyosemekana kuletwa na bia. Baadaye aliandika kwamba lile lilikuwa onyo na hakulisikia. Alikunywa miaka 17, akapoteza kazi na heshima, mpaka Desemba 1934 alipolazwa hospitali mjini New York. Juni 1935, mjini Akron, Ohio, yeye na daktari mlevi aitwaye Bob Smith wakaanzisha kile kinachojulikana leo kama AA, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha.

Hatua 12 za ushirika huo zinakaribiana na waraka wa Ermenfrid kuliko mtu anavyoweza kudhani. Mlevi anaorodhesha makosa yake bila kujificha, anayakiri mbele ya Mungu na mbele ya binadamu mwenzake, anaandika majina ya aliowadhuru, kisha anawaendea kurekebisha, isipokuwa pale ambapo kuwaendea kutawaumiza upya. Mwaka 1961 daktari wa akili Carl Jung alimwandikia Wilson barua, akimweleza kwamba mgonjwa wake mmoja wa zamani, aliyekuwa mlevi sugu, alikuwa na kiu ya Mungu iliyopotea njia ikaangukia pombe. Mwenye dini anaweza kusoma hapo na kuridhika haraka mno. Kiu ile Jung hakusema inakatwa kwa mahubiri. Ilimhitaji mtu apite njia ya kumpeleka kwenye ufahamu wa juu zaidi, kwa neema au kwa urafiki wa kweli na watu.

Upo upande wa pili, na makala hii haina haki ya kuukwepa. Mke anayevunjwa taya na mwanajeshi mlevi hahitaji kuelezwa habari za mahandaki. Watoto wanaojificha chini ya kitanda wakisikia lango linafunguliwa hawakumtuma baba yao vitani, na jeraha la dhamiri ya baba haliwi ruhusa ya kuwajeruhi wao. Mzigo wa askari una sehemu mbili. Damu ya vita ni ya taifa zima lililomtuma, likamshangilia uwanjani, likafaidi usalama wake. Kipigo cha nyumbani ni chake mwenyewe, akijibu mahakamani na mbele ya Mungu. Kosa la jamii nyingi ni kumbebesha vyote viwili au kumpokonya vyote viwili. Abu Mihjan alifungwa kwa sababu kweli alifanya kosa. Heshima aliyopewa haikufuta kosa hilo.

Swali hili limekwisha kufika nyumbani. Kenya ina askari Somalia tangu Oktoba 2011, na mwaka 2016 kambi yao ya El Adde ilivamiwa. Tanzania ilipoteza walinda amani wasiopungua 14 katika shambulio la Semuliki, mashariki ya Kongo, Desemba 7, 2017. Waliokufa walipokewa kwa gwaride na bendera, kama ilivyostahili. Walionusurika wamo mitaani, wengine bado kambini, wengine wamestaafu na wanauza duka. Wanahudhuria ibada. Jirani aliyekaa nao benchi moja anajua walikuwa jeshini. Hajawahi kuwauliza zaidi ya hapo, kwa adabu au kwa woga.

Mahali pa kuanzia pengine ni kwa kasisi na imamu wa jeshi, kwa sababu moja ya kiutendaji. Katika jeshi la Marekani, askari akimweleza daktari au mshauri habari za unywaji wake, kuna mazingira ambayo habari hizo hufika kwa kamanda na kumgharimu kazi. Alichomweleza kasisi kinabaki kwa kasisi. Kwa hiyo wengi humwendea yeye kwanza, usiku, wakijifanya wamekuja kwa jambo jingine. Majeshi yetu yenye makasisi na maimamu yangeweza kuandika ulinzi huo kwenye kanuni zao na kuwatangazia askari wazi kwamba upo. Kisha kasisi au imamu afundishwe kutoharakisha: asianze na chupa, asitoe msamaha katika dakika tano za kwanza, amwache mtu aseme jina la kijiji, saa, na nani alikuwa amesimama wapi. Na akimaliza kusema, ampe kitu cha kufanya, siku 40 au mwaka, mfungo, kazi kwa yatima, barua ya kuandika hata kama haitatumwa, na daktari wa kumwona asubuhi.